Jiko la Ma Kokushubila

Bukoba,
4 Machi 1953

Mpendwa Tata,

Kasinge waitu, shikamoo. Nilifika salama, ingawa basi lilikwama kwenye tope karibu na Muhutwe, nasi abiria tukashuka kulisukuma. Bwenini wamenipokea vizuri. Mwalimu Mkuu, yule bibi wa Kiswidi, alinishika mkono akanipa pole, kisha akanipa ratiba ya masomo. Hicho cha pili kilinifaa zaidi.

Mwezi ujao tutaanza kupelekwa katika shule za hapa mjini tufundishe darasani, mkaguzi akiwa amekaa nyuma anaandika. Nikifaulu mpaka mwisho wa mwaka, nitapewa cheti cha ualimu na kupangiwa kituo. Masomo yanakwenda vizuri, usiwe na wasiwasi.

Ninalotaka kujua ni moja tu. Unakula nini? Tangu watu wa msiba watawanyike, uko peke yako katika nyumba ile. Huna mtoto mwingine ila mimi, na katika maisha yangu yote sijakuona ukiingia jikoni hata kutafuta kiberiti. Nijibu kweli.

Binti yako,
Penina


Kamachumu,
13 Machi 1953

Binti yangu Penina,

Barua yako nimeisoma barazani kwa sauti, ili wapitao njiani wasikie kwamba Buberwa ana mtoto anayeandika hivyo. Jirani yetu Karugendo alisimama na baiskeli yake mpaka mwisho. Ile sehemu ya mkaguzi nilimrudia.

Habari za chakula usinichekeshe nazo. Mzee wa kanisa, mwenye kibanja chenye migomba na mibuni, afe njaa hapa Kamachumu? Mke wa kaka yangu Mushumbusi huniletea chungu kila jioni, ndizi na maharage, vimeiva vizuri mno. Nimeanza hata kunenepa, watu wananitania.

Kaburi la mama yako nimelizungushia mawe. Niliyachagua moja moja kule bondeni, nikayabeba mwenyewe, kwa sababu vijana niliowatuma walileta mawe ya ovyo. Kokushubila hakupenda vitu vya ovyo.

Wewe soma. Kila jioni mama yako alikuwa akikunyang'anya kuni na mtungi ili ukae na vitabu, na majirani walimsema kwamba analea mtoto mvivu. Hakuwajibu. Alikuwa anasubiri wewe uwajibu.

Baba yako,
Buberwa,
Mzee wa Kanisa


Bukoba,
9 Aprili 1953

Mpendwa Tata,

Nisamehe sikuja Pasaka. Tulihitajika wachache kubaki kusafisha bweni na kupaka chokaa kuta za darasa, nami nikajitolea.

Nimefurahi kwamba unakula. Mfikishie Mama Mkubwa shukrani zangu nyingi. Mwambie Mungu amzidishie kwa kila chungu alichokubebea.

Hapa mvua hazikatiki. Hakuna jipya zaidi.

Binti yako,
Penina


Kamachumu,
2 Mei 1953

Binti yangu,

Pasaka nilivaa koti langu nikakaa barazani tangu basi la kwanza mpaka la mwisho. Nikawaambia watu kwamba nasubiri mzigo.

Shukrani zako kwa Mama Mkubwa sijazifikisha bado. Nitazifikisha.

Kuna jirani mmoja hapa, hutamjua, ni mgeni, na mkewe amesafiri. Ananisumbua na maswali. Anasema huweka ndizi na maharage chunguni kwa pamoja, na kila siku ndizi zinageuka uji huku maharage yakibaki mawe. Jana karibu avunjike jino. Anauliza kosa liko wapi. Nimemwambia mimi mambo hayo siyajui, lakini nina binti msomi, nitamuulizia.

Jibu upesi, maana mtu huyu ana njaa.

Baba yako,
Buberwa


Bukoba,
11 Mei 1953

Mpendwa Tata,

Nilicheka mpaka wenzangu wakatoka vitandani kuuliza kuna nini. Sikuwa nimecheka siku nyingi.

Mwambie jirani yako kwamba maharage hutangulia. Ayachemshe peke yake mpaka yabonyee kwa vidole, ndipo aweke ndizi juu, atie chumvi, afunike kwa majani ya mgomba, apunguze moto. Asifunuefunue. Na amwombe mkewe arudi.

Sisi tunafanyishwa mazoezi ya kuandamana kwa ajili ya siku ile Malkia atakapovikwa taji kule kwao. Tunazunguka uwanja juani tukiimba. Miguu inauma, na viatu ni vya kuazima. Ufundishaji unaendelea.

Binti yako,
Penina


Bukoba,
18 Juni 1953

Tata,

Baba Mkubwa Mushumbusi amekuja mjini kwa mkutano wa chama cha wakulima wa kahawa, akapita hapa shuleni. Tuliketi kwenye benchi nje ya ofisi. Hata soda niliyompa hakuigusa kabla hajamaliza kusema.

Anasema mkewe hajakubebea chungu hata kimoja, kwamba ulimrudisha langoni. Anasema unajipikia, unamenya ndizi mwenyewe, umekaa kwenye kigoda jikoni kama mwanamke. Anasema ulipitisha kapu la sadaka kanisani mikono ikiwa myeusi kwa utomvu wa ndizi, watu wote wakaona, na yeye alitamani sakafu ifunguke. Maneno yake haya nayaandika kama alivyoyasema: "Ndugu yangu akimenya ndizi, ukoo mzima umevuliwa nguo."

Amesema yako mawili. Ama uoe yule mjane wa Izigo ambaye wamekwisha kuzungumza naye, ama mimi nirudi nyumbani nikutunze mpaka nitakapoolewa.

Mimi sitaki uozwe mtu kwa nguvu, wala sitaki uchekwe. Kwa hiyo nimeamua. Nimemwambia Mwalimu Mkuu kwamba naacha kozi. Amenitaka nifikiri tena, nikamwambia nimekwisha kufikiri. Nitapanda basi la Jumamosi ya tarehe 27. Usinijibu, nitakuwa nimekwisha kuondoka.

Ulinidanganya, Tata. Yule jirani mwenye njaa alikuwa wewe, na mimi nilicheka.

Penina


Kamachumu,
23 Juni 1953

Penina,

Barua hii nampa dereva wa basi akufikishie mkononi, na nimemwambia asiporudi na jibu kwamba umeipokea, nitamsema mbele ya usharika. Isome kabla ya kufunga sanduku.

Ni kweli nilikudanganya. Mke wa Mushumbusi alikuja na chungu mara tu matanga yalipokwisha. Apika vizuri, sina neno naye. Lakini alitaka kupita jikoni achukue mwiko, na nikaona siwezi kumtazama mtu mwingine akiushika mwiko wa Kokushubila. Nikamrudisha kwa maneno mazuri. Baada ya hapo nikaishi kwa ndizi mbivu na kahawa ya kutafuna mpaka suruali ikawa inaniteremka, na bado nikakuandikia kwamba nanenepa.

Halafu siku moja niliingia mle. Penina, jiko lile nililijenga kwa mikono yangu, na sikujua ndani mkoje. Sikujua kwamba mama yako alitoboa kidirisha upande wa barabara, na kwamba akikaa kwenye kigoda chake kumenya ndizi anamwona kila anayepita. Miaka yote nikirudi jioni nilimhadithia habari za njiani, nani kapita na nani, na yeye akasema "Ala! Kweli?" Kumbe alikuwa amewaona wote. Alinisikiliza tu kwa sababu nilipenda kuhadithia. Nililia pale kwa sauti, sijali nani alisikia. Nilipomaliza kulia nilikuwa na njaa, nikachukua kisu.

Sikujua kwamba mikono hupakwa samli kwanza. Utomvu uliniganda mpaka kwenye kucha. Nilisugua kwa mchanga, nikasugua kwa majivu na kwa limau, na Jumapili ikafika mikono ikiwa vilevile, na zamu ya kapu ilikuwa yangu. Nikafikiri nijifanye mgonjwa. Kisha nikajiuliza, mimi Buberwa nimeiba nini? Nikavaa koti, nikapita benchi kwa benchi. Wanawake wakatazamana. Wanaume wakatazama viatu vyao. Mushumbusi alitupa sadaka yake kama mtu anayemtupia mbwa. Bibi mmoja mzee tu, pale nyuma, ndiye aliyenishika vidole akaninong'oneza, "Samli, waitu. Samli kwanza." Tangu siku hiyo napaka samli.

Kwa hiyo Mushumbusi hakukudanganya, ila hakukuambia kwamba nilitembea nimenyoosha shingo. Aibu aliyoiona pale ilikuwa yake, si yangu.

Kuhusu mjane wa Izigo, sijakataa mke. Nimekataa mpishi anayeitwa mke. Siku nikioa nitaoa mtu, na siku hiyo si mwaka huu.

Sasa wewe. Unasema unarudi kwa ajili yangu. Nimezitoa barua zako zote nikazisoma upya, na katika zote hujamtaja mama yako hata mara moja. Umeandika "msiba". Umeandika "nyumba ile". Pasaka hukuja, na bweni hilo lingeweza kupakwa chokaa bila wewe. Tena hujanihadithia habari ya mtoto hata mmoja wa hao unaowafundisha, wewe ambaye ulikuwa huwezi kutoka kisimani bila hadithi. Sijui kuna nini huko darasani. Ninalojua ni kwamba unaumwa, mwanangu, na unatafuta mahali pa kujificha. Jiko langu si mahali pa kujificha. Nina chungu, nina kuni, nina mikono. Usinifanye mimi kisingizio.

Ukiona huwezi kuendelea, niandikie hivyo: siwezi. Nitapanda basi nikufuate mwenyewe, na hakuna atakayekucheka mbele yangu. Lakini usiandike kwamba unarudi kwa kuwa baba yako hajui kupika. Huo ni uongo. Sasa najua kupika.

Baba yako,
Buberwa


Bukoba,
29 Juni 1953

Tata,

Sikupanda basi. Lakini nimekukasirikia sana, na sitaandika kwa muda.

Penina


Kamachumu,
6 Agosti 1953

Penina,

Kasirika taratibu, nafasi unayo. Mimi naandika tu kukuambia kwamba kahawa imeiva vizuri, na kwamba mtu akiniuliza habari zako namjibu kwamba mwalimu wangu ana kazi nyingi.

Buberwa


Bukoba,
20 Septemba 1953

Mpendwa Tata,

Hasira imekwisha. Ilichukua muda kwa sababu ulisema kweli, na mimi nimerithi kwako ugumu wa kukubali.

Ngoja nikuambie lililotokea. Siku yangu ya kwanza kufundisha, mwezi wa Aprili, nilipewa watoto wa darasa la kwanza. Niliandika ubaoni sentensi ya kusoma, iko kwenye kitabu chao, ukurasa wa mwanzo: Mama anapika. Niligeuka niwasomee, na sauti haikutoka. Watoto walisubiri. Mmoja alifikiri nimesahau, akaanza kunisaidia herufi moja moja. Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya choo mpaka kengele ilipolia. Baada ya hapo kila nilipopewa darasa nilifundisha kwa sauti ndogo kama mtu anayeomba radhi, na mkaguzi akaandika kila mara: haisikiki. Kwa hiyo Baba Mkubwa alipokuja na maneno yake, moyoni nilimshukuru. Alinifungulia mlango, na mlango huo ulikuwa na jina lako.

Ulipoufunga, sikuwa na pa kwenda. Nililala kitandani nikalia, Tata, mchana kweupe, wenzangu wakiniletea uji. Nililia kwa sababu ujumbe wa kifo ulichelewa nami nikafika Mama amekwisha kuzikwa. Nililia kwa ajili ya kidirisha kile, maana mimi nilikuwa nakijua. Aliniambia nisikuambie. Alisema, "Muache babako ahadithie, hapo ndipo uso wake unakuwa mzuri."

Wiki iliyopita niliomba nirudishiwe darasa lile lile. Nikaandika ubaoni sentensi ile ile, nikaisoma. Ilisikika mpaka darasa la pili, wakagonga ukuta. Watoto wakaisoma baada yangu. Ndipo kitoto kimoja cha kike kikanyoosha mkono kikauliza, "Mwalimu, mama wa nani?"

Nikasema, "Mama yangu. Anaitwa Kokushubila." Nikawahadithia jinsi alivyokuwa hajui kusoma, na jinsi alivyokwenda kanisani kila Jumapili na kitabu cha nyimbo, akifungua kurasa pamoja na wengine, mara nyingine kimepinduka juu chini, na akaimba kila ubeti bila kukosea hata neno, akawashinda wanaosoma. Nikawaambia kwamba yeye ndiye aliyebeba maji yangu ili mimi nijue herufi hizi. Kisha nikasema, tusome tena, kwa sauti ambayo yeye angeipenda. Tata, wale watoto walipiga kelele! Mkaguzi alisahau kuandika. Alipokumbuka aliandika neno moja, na Mwalimu Mkuu amenionyesha: imesikika.

Sijapona. Jana nilinusa moshi wa kuni nikasimama njiani kama mpumbavu. Lakini nimejua kwamba naweza kusimama njiani, kisha nikaendelea na safari.

Kitoto kile kinaitwa Theopista. Ni mtundu kuliko wote, na hadithi zake zinatosha barua nzima.

Binti yako,
Penina


Kamachumu,
22 Novemba 1953

Binti yangu,

Barua yako ya Septemba imechakaa kwa kusomwa. Ile sehemu ya kidirisha sikuisoma barazani. Hiyo ni yangu na nyinyi wawili. Lakini ile ya "imesikika" Karugendo anaijua kwa moyo, na sasa anawahadithia watu kama vile alikuwepo.

Juzi nilikaribisha wazee wa ukoo, kahawa yote ikiwa imeuzwa. Nilipika mwenyewe, na sikumficha mtu. Mushumbusi alitangaza mlangoni kwamba amekuja kuzungumza tu, hatakula. Mvua ikanyesha ikawafungia ndani, na harufu ikaanza kutoka jikoni. Akavumilia. Wenzake wakanawa, wakala, wakanyamaza jinsi watu wanavyonyamaza chakula kikiwa kizuri. Mwisho akavuta sahani. Alipoomba aongezewe nilimtazama machoni, nami nikamwongezea. Hakunena tena habari ya Izigo, wala ya wewe kurudi. Alipoondoka alisema tu kwamba chumvi imezidi kidogo. Uongo. Haikuzidi.

Senene wameanza kuanguka. Nimewatoa mbawa na kuwakaanga, na kifurushi chako anacho dereva. Najua wazee wanasema mwanamke kazi yake ni kuwaokota tu, kula ni kwa wanaume. Mimi wa kwangu niliwaokota mwenyewe, kwa hiyo nampa nimtakaye.

Baba yako,
Buberwa


Bukoba,
12 Desemba 1953

Mpendwa Tata,

Nimefaulu! Majina yalisomwa asubuhi ya leo mbele ya shule nzima, na langu lilikuwa la pili. Mwalimu Mkuu alinishika mkono tena, na safari hii hakunipa ratiba. Alinipa boksi la chaki.

Nimepangiwa Rubafu, katika shule mpya ambayo bado haijaezekwa upande mmoja. Nitakaa peke yangu kwenye nyumba ya mwalimu. Najua sitakuwa na mtu wa kunipikia wala wa kunisubiri jioni, na ajabu ni kwamba siogopi. Mwaka jana ningeogopa. Nimewaza sana jambo hilo, nikaona kwamba yule Penina wa mwaka jana naye amezikwa, na huyu aliyebaki inabidi nimzoee.

Senene niliwala wote, chumbani, mlango wazi.

Nitafika nyumbani tarehe 22 kwa basi la mchana. Umehangaika mwaka mzima, Tata. Nikifika nitapitia nyuma moja kwa moja, nifunge kitenge, nikupikie mpaka Krismasi ipite. Wewe utakaa barazani upumzike.

Binti yako,
Mwalimu Penina Buberwa


Kamachumu,
17 Desemba 1953

Kwa Mwalimu Penina Buberwa,

Nimepiga kengele ya kanisa. Mchungaji alikuja mbio akidhani pana moto, nikamweleza, naye akaipiga tena.

Jioni nilikwenda kaburini nikamwambia Kokushubila kwa sauti, jina lako kusomwa la pili, Rubafu, boksi la chaki, yote. Nilihadithia kila kitu kama zamani. Sijui kama alikuwa amekwisha kuona.

Sasa kuhusu mpango wako wa kupitia nyuma. Hapana. Hapa Kamachumu mwalimu akifika katika nyumba ya mtu hupita mlango wa mbele. Hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, huwekwa kwenye kiti kile kikubwa kinachotazama mlango, na hukaa pale mpaka chakula kimfuate. Mchungaji nimemfanyia hivyo, mkaguzi wa kahawa nimemfanyia hivyo, hata Mushumbusi. Kiti kile nilikinunua siku za harusi yetu. Wamekikalia watu wengi ambao siwakumbuki majina, nao wamesifu chakula, na sikumbuki kwamba yeyote aliwahi kumwita mpishi aje kukaa. Mimi pia sikumwita.

Siku ya tarehe 22 nitakuwa kituoni nimevaa koti. Sanduku nitabeba mimi. Ukifika utanawa, utakaa, na nitakuletea chakula nilichopika kwa mikono yangu mbele ya yeyote atakayekuwepo. Mama yako alipita karibu na kiti kile maisha yake yote akiwa amebeba sahani za wengine. Wewe utakikalia.

Baba yako,
Buberwa